Skrini Inayoandika "Kichina": Mwongozo Kamili wa Kuondoa Kelele za Umeme kwenye Mashine ya Kutotolesha Vifaranga

Mashine za kutotolesha vifaranga zinazoundwa na mafundi wadogo wa Mtwara na Lindi zinafanana sana. Mwili ni friji bovu au sanduku la plaiwudi. Ndani kuna balbu za kupasha joto, feni ya kompyuta na mota ndogo ya kugeuza mayai. Mlangoni kuna Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayoongoza mashine, yenye skrini ya LCD ya herufi 16 kwa mistari 2. Ugonjwa wao nao ni mmoja. Mezani kila kitu kinakwenda sawa, lakini mashine ikishafungwa kwa mteja na balbu zikaanza kazi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikikata tu skrini inaandika kile ambacho wateja wanakiita Kichina. Fundi anaagiza skrini nyingine Kariakoo, inapanda basi mamia ya kilomita, anaifunga, na siku chache baadaye simu inaita tena.

Skrini ile ya kwanza ilikuwa nzima. Herufi zile za ajabu ni za Kijapani, na zimo tangu kiwandani ndani ya kumbukumbu ya chipu ya HD44780, au nakala zake, inayoendesha skrini nyingi za aina hii. Ukiziona, jua chipu iko hai na inatii. Shida ni kwamba imepokea amri ambayo programu yako haikuituma.

Msimamo wangu ni huu: tafuta kwanza njia ambayo kelele, yaani mipigo ya umeme isiyotakiwa, inapita, ndipo uchague dawa. Kupachika kapasita kila mahali kwa kubahatisha ni kupoteza fedha. Kibaya zaidi ni kuficha tatizo kwa programu inayoandika skrini upya kila sekunde huku waya zikiachwa zilivyo. Mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni yanataka nyuzi 37.5 hadi 37.8 kwa siku 21, na kelele inayovuruga herufi leo ndiyo itakayodanganya kipimajoto usiku wa leo, mfugaji akiwa amelala.

Kabla ya kugusa chochote

Upande wa balbu na mota una volti 230 na unaua. Kila ninapoandika "toa waya", maana yake umechomoa plagi ukutani, hukuzima swichi tu. Mwili ukiwa wa friji, bati lake liunganishwe na waya wa ardhini wa soketi, na waya wa moto unaoingia kwenye mashine upitie fyuzi. Majaribio yote ya hapa chini yafanyike bila mayai ndani.

Hatua ya 1: Soma ugonjwa kwenye skrini

Usianze na bisibisi. Anza na mwenye mashine, maana yeye ndiye aliyekaa nayo. "Shikamoo mama. Hebu nieleze, ilivurugika balbu zilipokuwa zinazima au zinawaka? Mota ilikuwa inageuza mayai? Umeme ulikuwa umekatika na kurudi?" Majibu ya maswali hayo yanaokoa nusu ya kazi. Kisha iangalie skrini kwa makini, kwa sababu kila aina ya uharibifu inaelekeza mahali pake.

Maandishi yamegeuka herufi za ajabu na hayarudi sawa mpaka uzime na kuwasha: hapa skrini imepoteza hesabu. Skrini nyingi huunganishwa kwa njia ya biti nne, ambapo kila herufi inatumwa kwa vipande viwili, na pini ya E ndiyo inayosema "pokea sasa". Mpigo mmoja wa uongo ukiingia kwenye E, skrini inahesabu kipande ambacho hakikutumwa. Tangu hapo nusu ya herufi hii inaungwa na nusu ya herufi inayofuata, na kila kitu kinaharibika mpaka skrini ianzishwe upya. Chipu imetengenezwa kupokea mpigo wa E wenye urefu wa kuanzia nanosekunde 230 ikiwa kwenye volti 5, na cheche ya relei inatoa mipigo ya aina hiyo kwa wingi.

Mstari wa juu umejaa vibox vyeusi na wa chini ni mtupu: skrini imepoteza umeme kwa muda mfupi na kuanza upya, lakini Arduino haikujua, ikaendelea kama kawaida. Dalili hii inaelekeza kwenye umeme wa volti 5, na ni nadra kunidanganya.

Maneno ya kukaribisha yametokea tena katikati ya kazi, au hesabu ya siku imerudi sifuri: Arduino yenyewe ndiyo imejiwasha upya. Tafuta kushuka kwa volti, au waya mrefu wa kitufe cha reset unaokusanya kelele.

Skrini imeganda na namba ileile, huku relei haikati wala haiwashi: programu imekwama. Kwenye skrini zenye kibodi (bodi ndogo) cha I2C mgongoni, mara nyingi basi la I2C, yaani nyaya zake mbili za mawasiliano, SDA na SCL, limevurugwa katikati ya mazungumzo na maktaba ya programu inasubiri jibu lisilokuja. Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu balbu zikiwa zimewaka wakati huo, zitabaki zimewaka.

Kipimajoto nacho kinasema. DS18B20 ikionyesha 85 ghafla, hilo si joto. Ni thamani ambayo chipu hiyo huwa nayo inapowashwa upya kabla haijapima, kwa hiyo umeme wake umetikisika. Ikionyesha -127, maktaba haikupata jibu kabisa. Waya wa data umevurugwa au umekatika. Andika pembeni ni ipi umeiona.

Hatua ya 2: Hakikisha si programu

Haichukui muda. Ukiita `lcd.clear()` katika kila mzunguko, skrini itapepesuka bila kelele yoyote ya umeme, maana amri hiyo peke yake inachukua takriban milisekunde 1.5 na inafuta kila kitu. Namba fupi ikiandikwa juu ya ndefu bila nafasi mwishoni, tarakimu ya zamani inabaki: 100 ikifuatiwa na 37 inaonekana 370. Kipimo cha haraka ni kuiacha programu iendeshe pini ya relei huku waya wa kwenda kwenye moduli ya relei umechomolewa. Skrini ikiharibika hata hivyo, rudi kwenye kompyuta. Ikitulia saa nzima, kelele ni ya umeme na tuendelee.

Hatua ya 3: Majaribio ya kutenganisha

Hapa ndipo pa kutumia muda. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio, na tumia programu fupi inayowasha na kuzima relei kila sekunde 5 ili usikae kusubiri joto lishuke.

Jaribio la kwanza ndilo la thamani kuliko yote. Chomoa plagi, toa nyaya za volti 230 kwenye kontakti za relei, kisha washa upande wa volti 5 peke yake. Relei italia tik tik bila kubeba mzigo wowote. Skrini ikiendelea kuvurugika, adui yuko kwenye koili ya relei au umeme wa volti 5: nenda hatua ya 5. Ikitulia, cheche za kontakti ndizo zinazokusumbua: hatua ya 4 ni yako.

Jaribio la pili: rudisha mzigo mmoja mmoja. Balbu peke yake, kisha mota peke yake. Balbu ya nyuzi haina koili, hivyo ikikatwa haina teke kubwa. Kasoro yake ni kwamba nyuzi zikiwa baridi inavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo inapowaka. Mota ina koili, nayo hupiga teke la volti inapokatwa. Kwa hiyo uharibifu wa wakati wa kuwasha na ule wa wakati wa kuzima havina chanzo kimoja, na ndiyo sababu ya swali nililoshauri umuulize mama.

Jaribio la tatu: lisha Arduino na skrini kwa pawabenki, huku relei ikibaki kwenye adapta yake. Kama moduli yako haijatenganishwa kwa optokapla (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga), acha waya wa graundi, yaani waya hasi wa pamoja, uunganishe pande mbili, la sivyo relei haitatii. Skrini ikitulia, kelele ilikuwa inapitia kwenye adapta. Isipotulia, inaingia kupitia nyaya za skrini au za kipimajoto, ama hewani. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo. Usije ukadhani mashine imezima kwa kelele.

Jaribio la nne: chomoa nyaya zote ndefu za vipimajoto na vitufe, ubakize bodi, skrini na relei. Kisha rudisha mmoja mmoja. Waya wa mita moja uliolala sambamba na waya wa mota ni antena kamili.

Asiye na osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme), na wengi wetu huku hatuna, atumie redio ndogo ya betri yenye bendi ya AM. Iweke kati ya stesheni, ongeza sauti, ipitishe polepole kando ya nyaya. Kila relei ikikata utasikia mlio mkavu mmoja, na pale unaposikika kwa nguvu zaidi ndipo kelele inapotokea au inapopita. Mngurumo usiokatika unatoka kwenye chaja mbovu au kwenye kifaa cha kupunguza mwanga. Ni chombo cha bei ndogo, na kinasikia mipigo ya haraka ambayo mita ya kawaida haiwezi kuionyesha.

Hatua ya 4: Izime cheche palepale inapozaliwa

Mzigo wenye koili unaotumia umeme wa volti 230, kama mota ya kugeuza mayai, utibiwe kwa jozi ya rezista na kapasita zilizofuatana: rezista ya ohm 100 ya nusu wati au wati moja, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 yenye alama X2 na 275V~. Alama hiyo ndiyo inayoruhusu kapasita ikae kwenye umeme wa nyumba. Kapasita ya kawaida ya udongo (seramiki) iliyoandikwa 104, yaani mikrofaradi 0.1, ya volti 50, itapasuka. Huna haja ya kungoja mzigo wa Dar es Salaam: pawasaplai mbovu ya kompyuta ya mezani na bodi ya TV iliyokufa mara nyingi huwa na kapasita ya X2, kikasha cha mraba, aghalabu cha njano, karibu na mahali umeme unapoingilia. Ipime kabla ya kuifunga. Zilizozeeka hupungua uwezo.

Sasa, uifunge wapi? Mafundi wengi huiweka kati ya kontakti mbili za relei. Kwa mota ndogo sikubaliani nao, na hesabu ni hii. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye volti 230 za hezi 50 hupitisha takriban miliampia 7 hata relei ikiwa imekata. Mota ya wati 4 inatumia miliampia 17 hivi tu ikifanya kazi. Ukiipa 7 wakati inapaswa kulala, itanguruma na kupata joto. Taa ya LED nayo itafifia badala ya kuzima. Ifunge sambamba na mota yenyewe, karibu na mota, ili teke limalizikie hapohapo badala ya kusafiri kwenye waya mrefu.

Mota au pampu ya umeme wa moja kwa moja, volti 12, tiba yake ni dayodi: 1N4007 kinyumenyume, upande wenye mstari uelekee chanya. Kama mota ina brashi, ongeza kapasita ya 104 kati ya miguu yake, iliyolehemiwa kwenye mota yenyewe. Koili ya relei pia inahitaji dayodi, ila moduli za relei zinazouzwa tayari zinayo. Itazame, ni kidude kidogo pembeni ya relei. Ukiongeza ya pili juu yake hupati kitu. Dayodi hukosekana pale ambapo fundi ameunganisha relei tupu na transista mwenyewe.

Kwa balbu za joto nashauri uhame kabisa. Mashine inawasha na kuzima balbu mara nyingi mno kwa siku, na kontakti zinaungua kila mara. Relei ya kielektroniki, ile isiyo na kontakti, ya aina inayosubiri volti ipite sifuri ndipo iwashe, haina cheche kabisa. Lakini sikiliza: relei hizi zikiharibika, mara nyingi hubaki zimewaka. Usiifunge bila termostati ya pili ya kimakanika, inayojitegemea, itakayokata balbu joto likizidi. Na usitumie kifaa cha kupunguza mwanga kuendesha balbu hizo, maana hicho hukata wimbi la umeme mara 100 kwa sekunde na kila mkato ni kelele.

Hatua ya 5: Umeme wa volti 5 na njia ya graundi

Piga hesabu ya mkondo kabla ya kulaumu adapta. Koili moja ya relei ndogo ya bluu ya volti 5 inavuta takriban miliampia 71. Nne ni 284. Ongeza taa ya skrini, bodi na vipimajoto. Mzigo wote huo ukipita kwenye pini ya 5V ya Arduino iliyolishwa volti 12, kirekebisha volti kidogo cha kwenye bodi kitachemka: kwa miliampia 400 kinatakiwa kuchoma wati 2.8, na hakina pa kuzipeleka. Kitajizima na kuwaka, na skrini itakuonyesha vibox vyeusi. Tumia adapta ya volti 5 yenye ampia 2 halisi, au moduli ya kushusha volti ya LM2596 kutoka volti 12, na uilishe relei moja kwa moja kutoka hapo. Mkondo wa relei usipite ndani ya Arduino hata kidogo.

Graundi ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu mita inasema "sifuri ohm" na fundi anaridhika. Kwa mkondo uliotulia mita ina haki. Kwa mpigo wa haraka haina. Waya wa mita moja una takriban mikrohenri 1. Kipande cha sentimita 20 kina 0.2 hivi. Mkondo ukibadilika kwa ampia 1 ndani ya nanosekunde 10, jambo ambalo cheche inaliweza, kwenye kipande hicho kifupi hutokea volti 20 kwa kitambo kidogo. Kama graundi ya relei na graundi ya skrini zinatumia kipande hichohicho, skrini inaona volti hizo kwenye mguu wake.

Dawa yake haina gharama. Chagua sehemu moja, kwenye vituo vya kutokea vya adapta, iwe makutano ya graundi zote. Kutoka hapo toa waya mmoja kwenda relei, mwingine kwenda Arduino na skrini, mwingine kwenda feni na mota ya volti 12. Zikutane pale tu. Tumia waya wa milimita za mraba 0.5 badala ya nyuzi nyembamba za kuchomekea, na uzilehemu. Bredibodi ni ya kujaribia mezani. Kwenye mashine ya mteja haifai.

Kisha kapasita, kila moja mahali pake. Kapasita ya udongo ya 104 kati ya VCC (chanya) na GND (graundi) ya skrini, iliyolehemiwa mgongoni mwa skrini kwenye pini 1 na 2. Nyingine kwenye kipimajoto. Ya elektroliti ya mikrofaradi 470, volti 10 au 16, kwenye umeme wa moduli ya relei, na ya mikrofaradi 100 karibu na skrini. Umbali ndio unaoamua: kapasita ya 104 iliyo sentimita 20 kutoka kwenye chipu karibu haisaidii chochote, kwa sababu ya mikrohenri zile nilizozitaja.

Moduli nyingi zenye optokapla zina kijumba cha pini kilichoandikwa JD-VCC, na kikofia kinachokiunganisha na VCC. Kikofia kikiwepo, optokapla hazitenganishi kitu. Kitoe. Lisha JD-VCC na GND ya kando yake kutoka kwenye adapta ya pili ya volti 5. Kutoka Arduino peleka waya wa 5V kwenye VCC na nyaya za IN tu, bila waya wa GND. Hapo relei na Arduino hazishiriki tena waya wowote wa umeme, na kama jaribio la tatu lilionyesha kelele inapitia kwenye adapta, utaona tofauti mara moja.

Hatua ya 6: Nyaya za skrini

Skrini ya nyaya nyingi, isiyo na I2C, ikae sentimita 15 hadi 20 tu kutoka kwenye Arduino. Pini ya RW, ya kuchagua kusoma au kuandika, iende graundi moja kwa moja. Pini ya E ipewe rezista ya ohm 330 upande wa Arduino na kapasita ya pikofaradi 100 kutoka E kwenda graundi upande wa skrini. Mpigo halali unapita, mipigo mifupi kabisa inazimwa. Rezista ya kilo-ohm 10 kutoka E kwenda graundi huizuia isielee wakati Arduino inajiwasha.

Kwa I2C, kinachosumbua ni urefu na mpangilio. Kiwango cha I2C kinaruhusu basi lenye ukubwa wa pikofaradi 400, na waya wa kawaida hula kitu kama 50 hadi 100 kwa kila mita. Ukitumia waya wa mtandao wa kompyuta, usisokote SDA pamoja na SCL, zitaambukizana. SDA isokotwe na GND, SCL isokotwe na GND nyingine au na VCC. Kibodi cha mgongoni tayari kina rezista za kuvuta juu, kwa kawaida za kilo-ohm 4.7. Ukiunganisha vibodi vitatu sambamba unabaki na kilo-ohm 1.57, nayo iko ukingoni kabisa, kwa kuwa chini ya takriban 1.53 kwenye volti 5 chipu hazitakiwi kuvuta. Kuanzia cha nne, ondoa rezista za ziada. Kupunguza mwendo kwa `Wire.setClock(50000)` husaidia waya ukiwa mrefu, na chipu ya PCF8574 iliyo kwenye kibodi mwisho wake ni kilohezi 100, kwa hiyo usiikimbize kwa 400 kama skrini za OLED.

Wanaotumia bodi ya ESP32 badala ya Arduino, na skrini ya volti 5 wazingatie hili zaidi. PCF8574 ikiwa kwenye volti 5 inahitaji kuona angalau volti 3.5 ili ikubali kuwa ni "juu". ESP32 inatoa 3.3. Kuna mashine zinazofanya kazi hivyo miezi kadhaa kwa sababu rezista za kibodi zinavuta waya hadi volti 5, jambo ambalo pini za ESP32 hazikuundwa kulivumilia. Weka moduli ya kubadilisha kiwango cha volti kati yao. Bila hiyo, tiba nyingine zote zitakuwa za nusu.

Njia ya nyaya ndani ya sanduku nayo ni tiba. Volti 230 zipite upande mmoja, nyaya za skrini na kipimajoto upande mwingine, zikiachana sentimita 10 au zaidi. Zikilazimika kukutana, zivuke kwa pembe mraba. Waya wa moto na nyutro wa kila mzigo visokotwe pamoja.

Hewa ya pwani na salfa

Hili watu wa bara hawalipati kama sisi. Shangani ya Mtwara, Mikindani, Lindi mjini, hewa ina chumvi, na ndani ya mashine penyewe kuna unyevu mwingi unaotakiwa na mayai. Pini za kuchomeka zinaota kutu nyembamba, mguso unakuwa na ohm kadhaa, na mashine iliyotulia miezi sita inaanza kuvurugika bila mtu kuigusa. Kwenye maeneo ya korosho kuna la ziada: majira ya kupulizia dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, vumbi la salfa linaenea kila mahali, na salfa hula shaba na fedha, ikizigeuza nyeusi. Kontakti za relei na pini za shaba huathirika kwanza.

Kwa hiyo elektroniki zikae nje ya chumba cha mayai, kwenye boksi lake lenye kifuniko chenye mpira. Viungo vilehemiwe. Bodi isafishwe kwa spiriti, ikauke kabisa, kisha ipakwe vanishi ya bodi za umeme, ukiacha wazi kontakti na kipimajoto. Mashine ya zamani ikiletwa kwako na pini nyeusi, badilisha viunganishi kabla hujaanza jaribio lolote, maana mguso mbovu unaiga kelele kwa kila hali.

Hatua ya 7: Programu, ikiwa ya mwisho

Nyaya zikishatulia, programu iwe mlinzi. Kwenye Arduino zenye chipu za AVR, kama Uno na Nano, `Wire.setWireTimeout(25000, true)` huifanya I2C iachane na mazungumzo yaliyokwama badala ya kuganda. Washa kipima muda cha ulinzi (watchdog) kinachoiwasha chipu upya programu ikisimama, ila angalia Nano za zamani: zenye programu ya kuanzia (bootloader) ya kale hunaswa kwenye kujiwasha bila mwisho. Joto la 85 au -127 likataliwe, na lisipopatikana joto halali kwa sekunde 10, balbu zizimwe na king'ora kilie. Skrini ianzishwe upya kila baada ya dakika 10, si kila sekunde.

Ongeza kitu kimoja ambacho mafundi hawakiweki: hesabu ya mara ambazo bodi imejiwasha, ihifadhiwe kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na ionekane kwenye kona ya skrini. EEPROM ya ATmega328P, chipu ya Arduino Uno na Nano, imeahidiwa kuandikwa mara 100,000, hivyo kuandika mara moja tu kila inapowaka hakutaichosha. Namba hiyo itakuambia ukweli hata mwenye mashine akiwa hakuwepo.

Jaribio la kukabidhi

Funga mashine yote kama itakavyokaa kwa mteja, na mota, balbu na feni zake halisi. Iendeshe kwa programu ya kuwasha na kuzima kila sekunde 5 kwa saa mbili. Hapo kila relei imekata zaidi ya mara 700. Kisha rudisha programu ya kawaida na uiache siku nzima. Katikati chomoa plagi na kuirudisha mara kadhaa, ukiiga umeme unaokatika na kurudi. Kama mteja ana jenereta au inveta ya sola, jaribu nayo hukohuko kwake, kwa sababu inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi lenye kelele zake.

Namba ya kona iwe imeongezeka kwa idadi ya mara ulizochomoa wewe, isizidi hata moja. Ikizidi, rudi jaribio la kwanza la hatua ya 3 na mashine ibaki karakana. Isipozidi, chora mchoro wa nyaya ulivyozifunga, uubandike ndani ya kifuniko pamoja na tarehe, na umwonyeshe mwenye mashine namba ile iko wapi ili siku akipiga simu aanze kwa kuisoma.